PHP inagoma baada ya CALL ya kwanza: kosa 2014

Mkuu, umesema ukurasa wako wa PHP unaita kwa CALL prosija ya MySQL (kifungu cha amri kilichohifadhiwa ndani ya databesi) bila shida, ila SELECT, yaani amri ya kusoma data, inayofuata inakutupia "Commands out of sync" (amri zimepishana mpangilio), kosa namba 2014. Prosija yako haina ubaya. Na ule ushauri uliopewa, wa kufungua koneksheni ya pili kwa ajili ya SELECT, achana nao. Watumiaji wakiongezeka seva itakulilia.

Iko hivi: CALL hurudisha jibu la kila SELECT iliyomo ndani ya prosija, halafu huongeza jibu jingine tupu, lisilo na mstari hata mmoja, la kusema tu kwamba kazi imekwisha. Wewe umechota la kwanza ukaendelea na safari. Lile tupu bado limeziba njia, na hakuna amri mpya itakayopita mpaka ulitoe. Kwa mysqli, kiunganishi cha PHP na MySQL, ni hivi:

$r = $db->query("CALL salio_la_mteja(57)");
$data = $r->fetch_all(MYSQLI_ASSOC);
$r->free();
while ($db->more_results()) {
  $db->next_result();
  if ($x = $db->store_result()) $x->free();
}

Kwenye mfumo wa stoo ninaousimamia, kitanzi hicho nimekifungia ndani ya fankisheni moja na kila CALL inapitia humo. Ukitumia PDO, kiunganishi kingine cha PHP, closeCursor() inakufanyia usafi huo.

Hiyo 57 nimeiandika kwa mfano tu. Thamani ikitoka kwenye fomu, tumia prepare (kuandaa amri kwanza) na alama ya kuuliza mahali pa thamani. Wapo wanaoamini prosija yenyewe ni kinga ya SQL injection, yaani mtu kupenyeza amri zake za SQL kupitia fomu. Ukiunganisha maneno ya mtumiaji ndani ya CALL, umeacha mlango wazi vilevile.

Kigezo cha OUT, kile ambacho prosija hutolea jibu, nacho mysqli haikipokei moja kwa moja. Ita CALL jumla_ya_mauzo('2024-03-01', @jumla), safisha kama hapo juu, kisha SELECT @jumla kwenye koneksheni ileile.

Ukija kuhamisha databesi, kumbuka mysqldump, programu ya kunakili databesi, haibebi prosija mpaka uiambie --routines. Mteja wangu mmoja alihamishiwa data yote, prosija zikabaki seva ya zamani. Tulipozileta likaibuka kosa 1449: DEFINER, yaani mtumiaji wa MySQL aliyeandikwa kwenye prosija kama mwenye nayo, hakuwepo seva mpya. Tulizitengeneza upya kwa jina la mtumiaji aliyepo, zikakubali.