Amherst au Swarthmore: Ushauri kwa Aliyekubaliwa na Vyuo Vyote Viwili

Kila mwaka, mwezi Machi unapokaribia kwisha, wanafunzi wachache kutoka kwetu hupokea barua za udahili kutoka vyuo vya sanaa huria vya Marekani, yaani vile vyuo vidogo vinavyofundisha shahada ya kwanza na ambamo anayesimama mbele ya darasa ni profesa mwenyewe. Mimi nilikubaliwa na Amherst na Swarthmore, nikasoma Swarthmore. Rafiki yangu wa karibu kutoka Nakuru alisoma Amherst, nami nilikuwa nikimtembelea wakati wa likizo. Kwa kuwa wadogo zetu wanaendelea kuniuliza wachague kipi, naona ni vyema nieleze kwa kirefu jinsi ninavyolitazama jambo hili.

Orodha za viwango vya vyuo hazitakusaidia, kwani vyuo hivi hukaa karibu karibu mno katika orodha hizo. Wengi hupima taaluma upande mmoja na maisha ya chuoni upande mwingine, kisha hujaribu kujumlisha. Ushauri wangu ni kwamba uzisome kwanza kanuni za masomo, kwa sababu namna wanafunzi wanavyoishi, wanavyozungumza bwaloni na hata wanavyoshindana hutokana kwa kiasi kikubwa na kanuni hizo.

Amherst, chuo kilichoanzishwa mwaka 1821 magharibi mwa Massachusetts, hakina orodha ya masomo ya lazima kwa wote. Ukishachukua semina moja ya mwaka wa kwanza na kutimiza masharti ya fani unayobobea, kozi nyingine zote unajichagulia. Kwa mtu aliyetoka kidato cha sita Tanzania, ambaye kwa miaka miwili alisoma masomo matatu ya tahasusi yake na kupita mlangoni mwa madarasa mengine bila kuingia, uhuru huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye tovuti ya chuo. Aliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, anaweza kuchukua falsafa, muziki na takwimu katika muhula mmoja bila kumwomba mtu ruhusa ya pekee, na kama hajatosheka, basi la wanafunzi linampeleka vyuo jirani vya Smith, Mount Holyoke au Chuo Kikuu cha Massachusetts, ambako anaweza kusoma kozi bila kulipa ada ya ziada. Rafiki yangu alikuwa akisema kwamba raha ya darasa la Amherst ni kujua kuwa kila aliyeketi pale amekuja kwa hiari yake. Nililiona hilo mwenyewe nilipohudhuria darasa lake la ushairi, ambapo mwanafunzi wa fizikia ndiye aliyekuwa akibishana kuliko wote. Lakini uhuru huo unamtaka mtu anayejisimamia. Asiyejijua bado anaweza kumaliza miaka minne akiwa amelikwepa kila somo lililomtisha, na kanuni hazitamzuia. Atakayemzuia ni mshauri wake wa masomo, iwapo atakwenda kumwona.

Swarthmore kilianzishwa na Wakweka (Quakers), dhehebu la Kikristo, mwaka 1864 karibu na Philadelphia. Hiki kinakutaka uchukue kozi tatu katika kila moja ya makundi matatu makuu ya taaluma, pamoja na kozi za uandishi, na katika muhula wa kwanza hupewi alama za herufi, bali unaandikiwa tu kwamba umefaulu au hukufaulu. Kwa anayetoka mbali, akiwa bado anaizoea lafudhi ya walimu na kuandika insha za namna nyingine kabisa, muhula huo ni rehema. Chuo hiki pia kinatoa shahada ya uhandisi, jambo ambalo ni nadra kwa vyuo vya aina hii, kwa hiyo anayetaka uhandisi na asiyetaka kuiacha historia ana jibu lake tayari.

Kinachokitofautisha zaidi, hata hivyo, ni programu ya Honors iliyoanzishwa mwaka 1922 na rais wa chuo wa wakati huo, Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford. Wanaoichagua husoma katika semina za watu wachache, na mwishoni hutahiniwa na wataalamu wanaotoka vyuo vingine, kwa karatasi na kwa mazungumzo ya ana kwa ana. Semina yangu ilikutana mara moja kwa wiki kwa mchana mzima. Insha za wenzako ulizipokea usiku uliotangulia na ulipaswa kuja umezisoma. Katikati kulikuwa na mapumziko ambapo mmoja wetu, kwa zamu, alileta chakula, na mabishano yaliendelea huku watu wakitafuna. Siku ya mtihani niliketi chumba kimoja na profesa nisiyewahi kumwona, karatasi yangu ikiwa mbele yake imejaa alama za penseli, naye akaanza na sentensi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa na shaka nayo.

Sisi tuliopitia mitihani ya Baraza la Mitihani tunaufahamu uhusiano unaozaliwa pale mwalimu anapokuwa si mtahini: mwalimu husimama upande wako, na wanafunzi wenzako huacha kuwa washindani, kwa sababu nyote mnajiandaa kumkabili mtu wa nje. Naamini kwamba ushirikiano wanaosifiwa nao wanafunzi wa Swarthmore unatoka hapo kwa sehemu kubwa. Kazi ni nyingi, na watu huizungumzia mno. Kama unajua kwamba mazungumzo ya aina hiyo yatakuchosha, lizingatie.

Nje ya darasa tofauti ni dhahiri. Amherst michezo ina nafasi kubwa, kwani takriban theluthi ya wanafunzi huchezea timu za chuo, na urafiki mwingi hujengwa kwa kufuata timu. Swarthmore iliifuta timu yake ya futiboli ya Kimarekani mwaka 2000. Amherst ni mji mdogo wenye vyuo vingi jirani, na kwenda Boston ni safari hasa. Swarthmore ni kitongoji kilichotulia sana, lakini kituo cha treni kiko chini ya kilima cha chuo, na kwa nusu saa hivi unafika Philadelphia, mjini penye watu wa kila taifa. Wengine hutaja kwamba Uhuru Kenyatta alisoma Amherst, nami huwaambia kuwa hilo halisemi lolote kuhusu miaka yako minne.

Kuhusu fedha, vyuo vyote viwili huahidi kugharamia upungufu wote wa familia uliothibitishwa, ila hesabu zao zinaweza kutofautiana. Ziweke barua mbili za ufadhili mezani na uangalie bima ya afya, nauli ya ndege, na mahali utakapolala bweni likifungwa wakati wa baridi. Palipo na tofauti, mwandikie ofisa wa ufadhili kwa adabu na umwombe aipitie upya. Ni jambo la kawaida na halihatarishi nafasi yako.

Kisha omba kuzungumza na Mwafrika aliye mwaka wa tatu katika kila chuo, si wa kwanza, na umuulize juma lake lililopita lilikwendaje, siku baada ya siku. Jibu lako linatakiwa kufikia tarehe 1 Mei. Ukishaamua, kiarifu mara moja chuo ulichokiacha, kwa kuwa yupo mwenzako kwenye orodha ya kusubiri.