Ukipewa kazi ya kuandaa tuzo ya uhisani jumuishi, anza na orodha ya ruzuku

Wengi mnaoanza kazi kwenye taasisi za ufadhili mtajikuta mapema tu mmewekwa kwenye sekretarieti ya tuzo. Bodi inataka kumuenzi kiongozi aliyepigania ujumuishi katika uhisani, yaani fedha ziwafikie na ziamuliwe pia na wale wanaoachwa nje, na mafaili ya waliopendekezwa yanatua mezani kwenu. Ichukulieni kazi hiyo kwa uzito. Anayetuzwa mwaka huu ndiye wakurugenzi wengine watakayemwiga.

Faili la kawaida huja na picha: kiongozi anampa mkono mama kijijini, kiongozi kasimama na vijana wenye viti mwendo. Ziwekeni pembeni kwanza. Ombeni orodha ya ruzuku za miaka mitatu za taasisi anayoiongoza: nani alipewa, yuko wapi, kiasi gani, kwa masharti gani. Hapo mtaona kama kikundi kinachoongozwa na watu wenye ulemavu kilipewa fedha zake chenyewe, au kilitajwa tu ndani ya andiko la kuomba fedha la shirika kubwa la Nairobi au Dar es Salaam. Chenye fedha zake huajiri, hupanga na huamua. Kilichotajwa tu huitwa kwenye semina, wanachama wake wakasaini mahudhurio, wakapewa nauli na kurudi makwao.

Masharti nayo yasomeni neno kwa neno. Mfuko unaodai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, andiko la Kiingereza na maombi ya mtandaoni pekee umeshawachuja watu kabla ya kufungua ombi hata moja. Kikundi cha wanawake cha Mtwara vijijini, au cha Turkana, hakitafika hata mlangoni. Kiongozi aliyepokea andiko la Kiswahili, akaruhusu viziwi wajieleze kwa lugha ya alama, akaweka gharama ya ukaguzi ndani ya ruzuku yenyewe, huyo mpeni alama za juu hata kama hajawahi kuhutubia kongamano lolote. Mimi humtanguliza mtu wa aina hiyo mbele ya msemaji maarufu, na nitaendelea kufanya hivyo.

Kisha angalieni nani anakaa kwenye bodi ya taasisi yake. Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1971, kwenye mkutano wa Baraza la Taasisi za Uhisani la Marekani uliofanyika Montreal, Wamarekani weusi waliokuwa wakifanya kazi kwenye taasisi hizo walipinga hadharani kuachwa nje ya uongozi wa baraza. Kutokana na madai hayo kikazaliwa chama chao, ABFE (Association of Black Foundation Executives). James A. Joseph, mmoja wa waanzilishi wake, aliliongoza baraza hilohilo kuanzia mwaka 1982 hadi 1995, kisha akawa balozi wa Marekani Afrika Kusini wakati wa Mandela. ABFE humuenzi kwa mhadhara wa kila mwaka wenye jina lake. Napenda sana namna hiyo ya kuenzi, kwa sababu hoja yake inaendelea kujadiliwa na vijana wanaoingia kwenye fani.

Kwetu Afrika, mfano ninaoutaja kila mara ni African Women's Development Fund, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Bisi Adeleye-Fayemi wa Nigeria, Joana Foster wa Ghana na Hilda Tadria wa Uganda. Mfuko huo, wenye makao yake Accra, uliwekwa mikononi mwa wanawake wa Kiafrika wenyewe, wao ndio wanaoamua fedha ziende wapi.

Msimwogope kiongozi aliyewahi kukosolewa. Darren Walker, aliyekuwa rais wa Ford Foundation, taasisi kubwa ya ufadhili ya Marekani, alitangaza mwaka 2015 kwamba taasisi yake itajikita katika kupambana na ukosefu wa usawa. Watetezi wa haki za watu wenye ulemavu wakamwambia waziwazi kwamba mpango huo umewasahau. Mwaka 2016 aliandika hadharani kwamba walikuwa sahihi. Jengo la makao makuu New York lilipofunguliwa tena mwaka 2018 baada ya ukarabati, lilikuwa limerekebishwa ili watu wenye ulemavu walifikie na kulitumia kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo ukikuta lawama kwenye faili, fuatilia kilichobadilika baada yake.

Siku ya hafla, hakikisheni jukwaa linapandika kwa kiti mwendo na wakalimani wa lugha ya alama wamelipwa mapema.

Hatua ya mwisho wengi huiruka. Kila kiongozi hupendekezwa na waliopata fedha zake, nao watamsifu tu. Ombeni pia majina ya vikundi vilivyonyimwa, mvipigie simu. Ulizeni kama walielezwa sababu, kwa lugha wanayoielewa, na kama wangethubutu kuomba tena. Majibu hayo yawekeni ukurasa wa kwanza wa ripoti mnayopeleka kwa kamati ya uteuzi, kabla ya wasifu wa mteule.