Magari ya bayodizeli na pointi za LEED: jibu kwa aliyeuliza kuhusu hoteli ya Ilemela

Mkuu, umesema hoteli mnayojenga Ilemela inatafuta cheti cha LEED, kile cha Marekani cha majengo yanayojali mazingira, itakuwa na maegesho 80, na mshauri amemwambia bosi kwamba Costa na Land Cruiser za mkonga za hoteli, zinazotumia bayodizeli (dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya kukaangia), zitaleta pointi za cheti hicho. Nimesimamia karakana ya magari hapa Mwanza tukiyatumia mafuta hayo, na karatasi za cheti cha jengo letu zilipitia mezani kwangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, hazileti.

Muulize kwanza mshauri mradi umesajiliwa kwa toleo lipi la LEED: v4, v4.1 au v5. Kwenye v4, 5% ya maegesho hutengwa kwa magari ya kijani, yaani kwenu nafasi 4. Gari la kijani ni lile lenye alama 45 au zaidi kwenye orodha ya ACEEE, taasisi ya Marekani inayoyapa magari alama za mazingira, au kipimo cha nchi kinacholingana nayo. Alama hiyo ni ya modeli ya gari. Ukijaza bayodizeli ya mbegu za pamba kwenye mkonga, modeli ni ileile, tena mkonga hauuzwi Marekani.

Juu ya hapo v4 inataka chaja za umeme kwa 2% ya maegesho, au kituo cha kujazia mafuta mbadala chenye uwezo wa kuhudumia kwa siku magari yanayolingana na 2% hiyo. Kwenu ni magari mawili tu. Hapa ndipo bayodizeli ina nafasi ya kujitetea, kupitia pampu. Mifano inayotajwa ni umeme, hidrojeni, gesi, methanoli na ethanoli. Bayodizeli haimo, ingawa orodha hiyo ni ya mifano tu. Sheria ya nishati ya Marekani ya 1992 inaitambua B100, ile tupu, kuwa mafuta mbadala, lakini B20, yaani dizeli yenye 20% ya bayodizeli, haihesabiki hivyo. Kwa hiyo mkichanganya na dizeli ya sheli, hoja yenu inapungua nguvu sana. Sisi tuliamua kuweka chaja, tanki la bayodizeli likabaki la karakana.

Kama ni v4.1 au v5, kipengele chenyewe ni cha magari ya umeme. Mjadala umeishia hapo. EDGE, cheti kingine cha majengo ya kijani, nayo inapima nishati, maji na vifaa vya ujenzi. Magari hayamo kabisa.

Nisieleweke kwamba naikataa bayodizeli. Naipenda na ningefurahi kuiona Mwanza nzima, maana huku Kanda ya Ziwa mbegu za pamba tunazo na mafuta ya chipsi yanamwagwa mitaroni hadi ziwani. Masizi yanapungua kweli, ingawa oksidi za naitrojeni huweza kupanda kidogo. Ila iwe imetengenezwa: mafuta yamechanganywa na methanoli na magadi makali, gliserini imetuama chini ya pipa, nyeusi na nzito, ikatolewa, kisha mafuta yakaoshwa kwa maji na kukaushwa. Mwanzoni yanazoa uchafu wote ambao dizeli iliacha kwenye tanki. Filta ya kwanza tuliyoifungua ilitoka na tope jeusi kama lami, gari likiwa limeishiwa nguvu mlimani Bugando. Kagueni pia mipira ya mafuta kwenye magari ya zamani, kwa sababu raba asilia inalainika na kuvuja.

Kabla bosi hajalipia tanki, mshauri aonyeshe karatasi ya usajili. Ikiwa ni v4.1, hiyo pesa pelekeni kwenye nyaya za chaja.