Jibu: Sindano ya otosampla inapinda, na vilele vinapungua

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba katika maabara yenu hapa Dodoma, mnamopima mafuta ya alizeti kwa kromatografu ya gesi (mashine inayotenganisha viambato vya sampuli), sindano ya otosampla, yaani kifaa kinachoingiza sampuli chenyewe, hupinda kila inaposhuka kwenye injekta, tundu lenye joto la kupokelea sampuli, na vilele vya grafu ya matokeo vinazidi kuwa vidogo. Nawasihi msinunue sindano nyingine kwanza. Hakikisheni mnara wa otosampla umekaa wima na umeshikwa barabara, kwa sababu ukiegemea hata kidogo, sindano hugonga ukingo wa nati ya injekta badala ya kupita katikati ya septamu, kizibo cha mpira kilicho chini ya nati hiyo; nati iliyokazwa kupita kiasi nayo huifanya septamu iwe ngumu kutobolewa. Vifuniko vya vichupa vya sampuli vilivyobanwa hadi vikabonyea huleta madhara hayohayo. Kuhusu vilele, nashuku zaidi pistoni ya sindano: isukumeni taratibu kwa mkono, na ikikwama, ioshwe kwa heksani, kisha muongeze idadi ya miosho kati ya sampuli moja na nyingine, kwani mabaki ya mafuta huacha utando unaonata. Septamu iliyochakaa huvujisha pia, hivyo ibadilisheni. Injekta mara nyingi huzidi nyuzi joto 200 za Selsiasi. Tafadhali isubirini ipoe kabla ya kuigusa nati.