Maswali ya Wasomaji: Ufunguo wa Chumba Ashike Nani?

SWALI: Shikamoo mshauri. Kaka yangu ana umri wa miaka 34 na anaugua skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili. Mwezi uliopita aliruhusiwa kutoka hospitali akiwa ametulia, na anaendelea na dawa. Mama aliyekuwa akimtunza amefariki dunia, nami ninaishi na watoto wangu wawili katika chumba kimoja hapa Morogoro. Ndugu wanataka tumpeleke kwenye nyumba inayopokea vijana waliokuwa wakitumia dawa za kulevya, ambako geti hufungwa na ndugu hawaruhusiwi kumwona mtu wao kwa miezi 3. Moyo wangu unakataa, lakini sina pa kumweka. Je, zipo nyumba salama za watu kama yeye?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Nyumba unayoiulizia, yaani makazi ya kudumu ambamo mtu mwenye ugonjwa wa akili anaishi kwa uhuru wake huku mhudumu akiwa karibu, ni haba sana nchini Tanzania, na sitakupa matumaini kwamba halmashauri yenu inayo. Kilichopo ni vijiji vya utengamao, kama kile cha Hombolo mkoani Dodoma, kilicho chini ya Hospitali ya Mirembe, na cha Vikuruti jijini Dar es Salaam, kilicho chini ya Muhimbili, ambako mgonjwa aliyekwisha kutulia hujizoeza kazi za mikono na kujitegemea kabla ya kurudi kwao. Huko mtu haendi kubisha hodi mwenyewe. Daktari wake na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali iliyomlaza ndio wa kuulizwa. Hata akipokewa, atakuwa huko kwa muda tu, na swali la wapi ataishi baadaye litawasubiri palepale.

Kuhusu nyumba waliyoipendekeza ndugu zako, ninakubaliana nawe. Nyumba za upataji nafuu, ambazo mitaani huitwa soba, zimekusudiwa waraibu wa dawa za kulevya na pombe. Kaka yako anahitaji vidonge vya kila siku au sindano ya kila mwezi, kliniki, na usingizi wa kutosha. Akiangukia mikononi mwa msimamizi anayehesabu kila kidonge kuwa ni ulevi, ataachishwa dawa, ugonjwa utarudi, na mtu aliyeingia akiwa mtulivu ataishia kufungwa kamba.

Ukionyeshwa nyumba yoyote nyingine, iwe ya dini, ya mganga au ya shirika, usianze kwa kutazama vitanda. Uliza ufunguo wa chumba chake ataushika nani, dawa zitatolewa na kuandikwa na nani, fedha zake zitapita mikononi mwa nani, na kama wewe unaweza kufika siku yoyote bila kutoa taarifa. Mwenye nyumba anayekasirishwa na swali hilo la mwisho amekwisha kukujibu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu, ukiwamo ule utokanao na maradhi ya akili, ana haki sawa na wengine ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye. Ninalitaja hilo kwa sababu barua yako yote inamhusu kaka yako, lakini hakuna mahali unaposema yeye mwenyewe anataka nini. Muulize.

Akiafiki, mimi ningemtafutia chumba cha kupanga karibu nawe, na wale ndugu wasioweza kumpokea wachange kodi, kwa kiasi na tarehe zilizoandikwa mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Mwombeni daktari aeleze kama sindano ya mwezi inamfaa, kwani humwondolea mtu mzigo wa kukumbuka vidonge. Kisha kaeni naye, akiwa ametulia hivihivi, muandike dalili anazozijua yeye kwamba hutangulia anapozidiwa, kama vile kukosa usingizi au kukataa chakula, pamoja na jina la mtu atakayempeleka kliniki siku hiyo. Mwenye nyumba aelezwe kile tu ambacho kaka yako ameridhia aelezwe.

SWALI: Jirani yangu hapa Mwanza anatumia kiti cha magurudumu na anapigwa na mumewe. Tumesikia kuna nyumba salama za wanawake, lakini hatujui ziliko.

JIBU: Hamzijui kwa sababu hazitangazwi, na hivyo ndivyo inavyopasa. Akiwa tayari kuondoka, aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kituo cha mkono kwa mkono, yaani kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili, kilichopo katika baadhi ya hospitali, na ofisa ustawi wa jamii atamuunganisha. Kabla hajapelekwa, ulizeni kama choo na mlango wa nyumba hiyo vinapitisha kiti chake, kwani asipoweza kufika chooni bila kubebwa, huenda akalazimika kurudi kwa yule aliyemkimbia. Aondoke na kiti, dawa na kitambulisho chake, na mume asiambiwe siku.