Wifi inafika ufukweni, ndani ya boti hakuna kitu: yaliyonikuta Mtera

Mbukwenyi wakuu.

Mkuu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili maana ni kama umeandika maisha yangu. Boti ya faiba (faibaglasi) ya mita 8, imefungwa bwawa la Mtera upande wetu wa Dodoma, nyumba ya wageni ya jamaa yako ipo kama mita 300 kutoka majini. Ukisimama juu ya boti simu inaonyesha vijiti viwili vya wifi yake, ukiingia kibandani inakata. Unalala humo siku nne kwa wiki, unataka kupiga simu za video na kutuma picha za wateja. Waliotangulia kujibu wamekwambia nunua busta. Usinunue kwanza. Mimi nilinunua.

Mimi ni fundi kompyuta hapa mjini, na mjomba wangu ana boti ya kuzungusha wageni wanaokuja kuangalia viboko na ndege. Kiangazi kimoja nilihamia kwake karibu miezi sita, nikawa nahudumia wateja wangu wa mjini nikiwa majini. Kwa hiyo intaneti ilikuwa ugali wangu, na niliihangaikia hadi mjomba akaanza kuniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kupanda mlingoti.

Tuanze na hiyo busta, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi. Ukiiweka ndani ya kibanda, inapokea mawimbi yaleyale dhaifu ambayo simu yako imeshindwa kuyashika, halafu inayatangaza upya. Ni kumpa mtu asiyesikia vizuri kipaza sauti atangaze alichosikia. Utaona vijiti vimejaa, unafurahi, kurasa hazifunguki. Isitoshe nyingi za bei nafuu zinatumia redio moja kupokea na kurusha, basi kasi inakatwa nusu hata pale zinapofanya kazi.

Sasa, mawimbi yanafia wapi? Faiba yenyewe haina tatizo kubwa, inapitisha. Kinachoua ni bati la paa kama lako lina bati, tangi la mafuta, injini, na zaidi ya vyote huo ukaribu wako na maji. Ukiwa umekaa kibandani, simu iko mita moja tu juu ya maji, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani mawimbi yanasafiri kama kamba iliyovutwa, kwamba ukiliona jengo basi na wifi inakuona. Hayaendi hivyo. Yanahitaji njia yenye umbo la mhogo, nyembamba kwenye ncha mbili na nene katikati. Kwa wifi ya gigahezi 2.4 na umbali wa mita 300, tumbo la huo mhogo katikati ya njia lina kama mita 3 kutoka kwenye mstari kwenda juu, na mita 3 kwenda chini. Kwa kilomita moja ni kama mita 5 na nusu. Ukiacha wazi zaidi kidogo ya nusu ya hapo, unaishi vizuri. Ukiwa mita moja juu ya maji, sehemu kubwa ya nusu ya chini ya mhogo imezama. Tena maji ni kama kioo: mawimbi yanagonga, yanaruka, yanakutana na yale yaliyokuja moja kwa moja, na yakikutana vibaya yanafutana. Ndiyo maana unaweza kusogea hatua moja ukapata, ukarudi ukakosa.

Dawa yake ni urefu. Sisi tulifunga bomba la chuma lililotufikisha mita 3 na nusu juu ya maji, na kule kwa mwenye nyumba tukapandisha kifaa chake hadi kwenye kona ya paa. Hayo mawili peke yake yaliondoa zaidi ya nusu ya matatizo.

Antena ilinitia aibu. Kwa kuwa nimezoea kuunganisha ofisi mbili mjini, paa kwa paa, nilichukua dishi la kuelekeza, lile la nyavu. Jioni nikalielekeza kwenye jengo, alfajiri ziwa limelala kama mafuta kwenye sahani, kasi safi, nikampigia mke wangu kwa video nimuonyeshe jua linavyochomoza kwenye ile miti mikavu iliyosimama majini. Saa nne upepo ukaamka. Anayeijua Dodoma miezi ya Juni hadi Agosti anaujua huo upepo. Boti ikageuka kwenye kamba yake, pua ikaangalia kwingine, na dishi langu la gharama likawa linaongea na miti. Boti iliyofungwa kwa kamba moja haikai upande mmoja, mkuu. Ukifunga kwa kamba mbele na nyuma kwenye gati la kudumu, kama zile bandari za boti za Ulaya, labda. Huku kwetu weka antena inayorusha pande zote.

Na hapo pia kuna mtego. Muuzaji atakwambia chukua ya desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 12 au 15, ina nguvu zaidi. Antena ya pande zote haitengenezi nguvu, inayakandamiza tu mawimbi. Ile ndogo inarusha umbo la andazi, ile kubwa inarusha chapati: inaenda mbali lakini ni bapa. Boti ikilala upande kidogo kwa wimbi au kwa abiria wanaokimbilia upande mmoja kupiga picha kiboko, chapati yako nayo inalala, upande mmoja inapiga mbingu na mwingine inapiga maji. Niliishia kwenye ya desibeli 8, sijajuta.

Dishi sikulitupa. Anayekaa mahali pamoja ni jengo, kwa hiyo antena ya kuelekeza mahali pake ni nchi kavu. Hata hivyo dishi lilikuwa jembamba mno kwa boti inayozunguka, tukabadilishana na fundi mwenzangu, akanipa antena bapa inayofunika pembe ya digrii 90. Hiyo ndiyo ikafungwa ukutani ikiangalia ziwa.

Msisahau kwamba wifi ni mazungumzo ya watu wawili. Nilishawahi kuona mtu amefunga redio kali kwenye boti, anasoma mawimbi mazuri, na bado kila kitu kinakatakata, kwa sababu ile rauta ndogo ya mapokezi kule nchi kavu, iliyofichwa nyuma ya friji la soda, haimsikii yeye. Kupiga kelele zaidi hakumponyi aliyeziba masikio.

Waya sasa, na hapa nisikilize vizuri maana ndipo hela yangu ilipopotelea. Mara ya kwanza niliweka antena juu na rauta chini kibandani, katikati nikapitisha mita 10 za ule waya mwembamba mweusi wa antena. Waya ule kwa gigahezi 2.4 unakula takriban desibeli moja kila mita. Kila desibeli 3 ni nusu imeondoka. Mita 10 zikiisha, kinachofika ni sehemu 1 kati ya 10. Yaani nilipandisha antena mita tatu ili nipate, halafu nikamwaga nilichopata njiani. Upo waya mnene ambao mita 10 zinakula kama desibeli 2 tu, ila ni ghali na mgumu kukunja kama fimbo ya mzee.

Njia iliyo sahihi ni kupandisha redio yenyewe. Zipo redio za nje ndogo kama tochi, zinajifunga moja kwa moja kwenye kitako cha antena, waya wa antena haupo kabisa. Ubiquiti na MikroTik wametengeneza za namna hiyo. Kutoka pale juu unashusha waya wa kawaida wa mtandao, uleule wanaotumia mafundi wa kamera za ulinzi, nao huohuo unapandisha umeme. Huo unaweza kwenda hadi mita 100 bila shida. Chini unauchomeka kwenye rauta ndogo ya kawaida, na simu, kompyuta na kila kitu kinaunganishwa na hiyo. Redio ya juu unaipanga iwe mpokeaji wa wifi ya nyumba ya wageni, rauta ya chini inakuwa wifi yako mwenyewe yenye jina lako na nywila yako. Usiziache zote mbili kwenye chaneli moja, zitapigiana kelele. Kama ya wageni ipo chaneli ya 1, yako iweke 11, au bora zaidi iweke kwenye gigahezi 5, maana kibandani hutafuti umbali.

Kuna ndugu hapo juu ameshauri uvute waya wa mtandao kutoka jengoni hadi kwenye boti uepuke redio zote. Kwanza ni mita 300, umeshavuka kikomo mara tatu. Pili, viboko wanatoka majini usiku kwenda kula majani. Sihitaji kuendelea.

Jambo ambalo hakuna aliyekwambia ni kwamba hizo mita 300 zako ni za leo. Mtera ni bwawa la umeme, linajaa na kupungua. Likijaa kabisa maji yapo mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Maji yake hayazungushi tu mitambo ya megawati 80 pale Mtera, ndiyo akiba ya Kidatu kule chini yenye megawati 204, kwa hiyo kiangazi hayasubiri boti yako. Tofauti ya mita 8 na nusu inaonekana ndogo, lakini ardhi ya pale ni tambarare, maji yakishuka kidogo ufukwe unakimbia. Sisi mwezi Mei tulikuwa umbali kama wako, mwezi Novemba boti ilikuwa karibu kilomita moja kutoka kwenye jengo, na kati yetu kuna tope lililokauka na mbuzi wanachunga. Mipango yangu yote ya Mei ikafa. Funga kwa kuhesabu Novemba, Mei itajitosheleza yenyewe.

Umeme si tatizo kubwa. Redio ya juu na rauta ya chini kwa pamoja kwetu zilikula kama wati 10, sawa na wati-saa 240 kwa siku nzima. Betri ya ampea-saa 100 ya volti 12 ina kama wati-saa 1,200, na ukiitumia nusu tu ili isife mapema unabaki na 600. Paneli moja ya wati 100 kwa jua la Dodoma inarudisha hiyo bila jasho. Usitumie invata kugeuza 12 kwenda 230 halafu adapta irudishe tena 12, unapoteza bure. Tafuta redio inayokubali volti 9 hadi 30, unaichomeka kwenye betri kupitia fyuzi. Kama inataka 24, kuna kidude kidogo cha kupandisha volti.

Maji yetu ni baridi, hayana chumvi, hiyo ni nafuu kubwa. Nimeona viungio vya antena kwenye boti za Msasani vimekuwa kijani ndani ya miezi. Hata hivyo zungushia ule mpira unaojigandisha, si selotepu ya umeme, na waya ufanye tone la kuning'inia kabla haujaingia kibandani ili mvua idondoke nje. Mvua za Desemba zikianza, ukisikia radi chomoa waya wa mlingoti. Chuma kirefu katikati ya maji tupu kinajulikana kinavutia nini.

Kama hutaki haya yote: barabara ya Dodoma–Iringa inapita palepale, na minara ya simu ipo. Panda juu ya paa la boti na simu yenye laini ya kila mtandao unaoweza kuazima, pima asubuhi na usiku. Ukipata mmoja mzuri, rauta ya laini yenye antena ya nje kwenye bomba lilelile itakutoa kwa gharama ndogo. Mimi nilibaki na vyote viwili, wifi ya jengo kwa mafaili makubwa, bando kwa siku jenereta ya mwenye nyumba inapogoma.

Na kumbe nimesahau lililotakiwa kuwa la kwanza. Kabla hujanunua hata skrubu, nenda kwa jamaa yako, chomeka kompyuta kwa waya kwenye rauta yake, pima kasi saa mbili usiku wageni wakiwa wanaangalia mpira. Kama pale palepale ni kobe, hakuna antena itakayomfanya awe swala majini. Ukipima, weka namba hapa, na uandike paa la kibanda chako ni bati au faiba. Redio ikisoma nguvu ya mawimbi ya hasi 65 (hizo ni dBm, namba ikikaribia sifuri ndiyo nzuri) au juu ya hapo kuelekea hasi 50, umemaliza. Ikisoma hasi 80, niite, mwezi ujao napita tena Mtera kufuata perege.