Bati litasubiri muhuri: barua kwa mwanangu aliye Chanthaburi, Thailand

Gungu, Kigoma
Mwishoni mwa Julai

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo sote, dada yako anakusalimu, na mjomba wako wa Ujiji amepata nafuu ya mguu, sasa anakwenda msikitini mwenyewe. Ujumbe wako nimeusikiliza usiku watu wamelala, nikausikiliza tena asubuhi. Jambo lenyewe ni zito, nimeona nikuandikie ulisome kwa utulivu pamoja na mkeo.

Umeniuliza hivi. Ruhusa yako ya kukaa Thailand kwa sababu ya ndoa inaisha mwisho wa Septemba. Baht 400,000, fedha ya huko, ambazo ni sharti la ruhusa hiyo, ziko benki. Huku nyumba imesimama kenchi tupu na mvua za Oktoba ziko njiani. Basi umefikiri uzitoe uninunulie bati, halafu umpe kazi wakala wa hapo mjini anayesema ataweka fedha zake kwenye akaunti yako siku chache, karatasi zipite, kisha azichukue. Na ukauliza kama si afadhali, ukishatimiza miaka 50, uhamie kwenye ruhusa ya wastaafu.

Mwanangu, usitoe hata baht moja mpaka upate muhuri wa mwisho. Na huyo wakala mwambie asante, basi. Nakueleza kama mama, na pia kama mtu aliyekaa upande wa ndani wa dirisha la uhamiaji mpaka akastaafu.

Watu wanaokuja dirishani hudhani kazi yote ni ile siku moja: karatasi zipokelewe, muhuri upigwe, waende zao. Sisi tuliokuwa ndani tulijua kwamba siku ile ni ukurasa mmoja tu wa faili. Mwaka huu linafungwa, mwaka kesho linafunguliwa na mtu mwingine kabisa, ambaye hakujui wewe, hamjui wakala wako, na hana deni na yeyote.

Nilimshuhudia mfanyabiashara mmoja kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, wewe ukiwa bado sekondari. Alikuwa ameoa Ujiji, ndoa ya haki, watoto wake nikiwafahamu kwa sura. Alistahili kupewa kibali bila shida yoyote. Lakini safari za boti zilimbana, akaona kumfuata mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya barua ni kupoteza siku, akamwachia kishoka mmoja wa bandarini. Kishoka hakwenda kwa mwenyekiti, alichonga muhuri wake mwenyewe. Barua ikapita. Mwaka uliofuata ikapita nyingine. Kisha akahamishiwa kwetu afisa kutoka Tabora, mtu wa kusoma karatasi kwa subira. Akazipanga zile barua mezani, moja pembeni ya nyingine, na juu yake akaweka barua za watu wengine wa mtaa uleule. Muhuri wa kweli wa mwenyekiti ulikuwa na ufa mdogo kwenye herufi ya kwanza, na kila barua iliyotoka kwake ilikuwa na ule ufa. Za yule bwana zilikuwa safi kabisa.

Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena kama anaishi na mkewe. Swali likawa moja: muhuri huu umetoka wapi? Aliamriwa kuondoka nchini. Nilimwona mkewe gatini siku ile boti ya Kalemie inang'oa nanga, mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono. Ndoa ilikuwa ya kweli, mwanangu, na haikumsaidia kitu, kwa sababu ndani ya faili lake kulikuwa na uongo ambao wala hakuuhitaji.

Sasa niangalie jambo lako. Karatasi ya masharti uliyonitumia nimeisoma na kuirudia. Kwa ndoa wanataka baht 400,000 ziwe zimekaa benki miezi miwili kabla hujaomba, kwenye akaunti yenye jina lako peke yako, au uwe na kipato cha baht 40,000 kwa mwezi. Mshahara wako haufiki hapo, kwa hiyo njia yako ni ya benki. Nami najiuliza: fedha za wakala zilizokaa siku tatu zitatimizaje sharti la miezi miwili? Haziwezi. Zitapita tu kama ndani kuna mtu wa kufumba macho. Mtu huyo kesho anahamishwa, au anastaafu, au anakamatwa, na jina lililobaki kwenye faili ni lako.

Wewe una fedha halali, zimekaa muda wake, una mke halali na mtoto. Kwa nini mtu mwenye vyote hivyo akanunue vya kubandika?

Ukinyimwa hupewa siku 7 tu za kufunga mizigo. Kibali chako cha kazi kimeegemea ruhusa hiyo, nacho kinaanguka siku hiyohiyo. Ukijaribu kubaki baada ya muda kwisha, faini ni baht 500 kwa siku mpaka ifike 20,000, na hiyo faini ndiyo sehemu nyepesi. Ukizidisha siku 90, hata ukijipeleka mwenyewe uwanja wa ndege, unafungiwa kuingia mwaka mzima. Ukikamatwa barabarani kabla hujajipeleka, hata kama umezidisha siku chache tu, ni miaka 5. Mjukuu wangu ana miaka sita. Hesabu mwenyewe atakuwa na mingapi.

Kwa hiyo fanya mwenyewe, na anza mapema. Wanapokea maombi ndani ya siku 30 za mwisho. Usingoje wiki ya mwisho, nenda mwanzoni mwa Septemba, ili wakikurudisha kwa karatasi moja uwe na nafasi ya kwenda na kurudi. Barua ya benki ichukue siku ileile au jana yake, na kitabu cha benki kichapishwe miamala asubuhi hiyo. Ile nakala ya usajili wa ndoa kutoka ofisi ya wilaya chukua mpya, hata kama ya mwaka jana unayo na haijakunjwa kona. Afisa anayeona karatasi ya mwaka jana hujiuliza kama ndoa ya mwaka jana bado ipo. Mkeo aende nawe, na kitambulisho chake na kile kitabu cha nyumba kinachoonesha wanaoishi humo. Ada ni baht 1,900, lipa dirishani na udai risiti.

Nataka nikae kidogo kwenye picha, kwa sababu watu huzidharau. Wanataka picha zenu mkiwa nyumbani: mlangoni namba ya nyumba ikionekana, sebuleni, chumbani. Usimwite mpiga picha, wala msivae nguo za Idi. Mimi nilipokuwa naletewa picha za wenye ndoa, sura za watu sikuziangalia sana, maana kila mtu hutabasamu. Niliangalia viatu mlangoni ni vya ukubwa gani, na taulo zilizoning'inia ni ngapi. Niliangalia ukutani kama kuna kalenda iliyoandikwaandikwa na watu wanaoishi humo. Nyumba ya kuigiza huwa nadhifu kupita kiasi. Yenu ina madaftari ya mtoto mezani, ina kile kikapu cha dagaa wa Kigoma nilichokutumia na mkeo amekitundika jikoni. Acheni hivyohivyo, mpige.

Chora ramani ya kufika kwenu kwa uangalifu, maana wanaweza kuja. Wakija, wakaribishwe, majirani waulizwe, nawe usitangulie kumpanga jirani aseme nini. Jirani aliyepangwa hujulikana kabla hajamaliza sentensi ya pili.

Ukishapeleka, watakupigia kwanza muhuri wa kusubiri, kwa kawaida siku 30, wakati faili linaangaliwa. Huo si muhuri wa mwisho. Hapo ndipo wengi huvuta pumzi na kutoa fedha, kumbe ofisi inaweza kukutaka urudi na kitabu cha benki uoneshe bado zipo. Ziache zilale. Siku waliyokupangia kurudi, rudi, upewe mwaka wako. Baada ya hapo, mwanangu, kwa ruhusa ya ndoa fedha ni zako, unaweza kuzitumia. Lakini tumia ukijua zinarudi lini. Kama mwakani utaomba tena mwanzoni mwa Septemba, mwisho wa Juni ziwe zimetimia baht 400,000, na mimi ningependa ziwe zimetimia Mei, maana uhamisho wa benki huweza kuchelewa na biashara yako ya mawe ya thamani unaijua mwenyewe: wiki hii wanagombania vito vya spineli vya Mahenge, wiki ijayo soko zima limelala.

Hiyo ya wastaafu wala usiihangaikie. Wanataka baht 800,000, zikae miezi miwili kabla na miezi mitatu baada, na hata baada ya hapo zisishuke chini ya 400,000 mwaka mzima. Tena anayeipata haruhusiwi kufanya kazi. Inamfaa mzee mwenye pensheni ya kwao anayetaka kupumzika. Wewe una mtoto wa kusomesha.

Kuna mambo mawili hukuniuliza, ila nayaona yanakuja.

La kwanza ni safari yako ya Desemba ya kuja huku. Ukitoka Thailand bila kibali cha kurudi, ruhusa yote uliyoihangaikia inakufa pale pale uwanjani, unaanza upya kama mgeni aliyeshuka jana. Cha kutoka mara moja ni baht 1,000, cha kutoka na kurudi mara nyingi ni 3,800. Chukua hicho cha mara nyingi, na sababu yake ndiyo hili la pili.

Pasi yako ni ya zile za kielektroniki zilizoanza 2018, na wewe uliichukua mwanzoni kabisa. Miaka 10 inakaribia. Wathai hawakupi muda unaozidi uhai wa pasi, kwa hiyo pasi ikibakiza miezi minane nawe utapewa miezi minane, hata kama fedha na ndoa vimetimia. Ubalozi wetu unaohudumia Thailand uko Kuala Lumpur, na alama za vidole haziwezi kutumwa kwa posta, lazima uende mwenyewe. Ukija Desemba tuibadilishe huku huku kama muda utatosha; usipotosha, itabidi utoke tena uende Kuala Lumpur, na ndiyo maana nasema kibali cha mara nyingi. Cheti chako cha kuzaliwa ninacho, kiko kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya kiwanja, na kitambulisho chako cha taifa njoo nacho.

Sasa nyumba. Najua kinachokuuma ni kusikia mama yako anaishi kwenye jengo ambalo halijaisha. Vyumba viwili vya nyuma vimeezekwa na havivuji. Ninalala vizuri, dada yako chumba cha pili. Kenchi za mbele fundi amezipaka oili chafu, mchwa hawazigusi, na nimenunua turubai kubwa la kufunika upande wa sebule mvua zikianza. Fundi mwenyewe anasema mbao zile zinaweza kuvumilia mvua za mwanzo. Muhuri wako ukitoka Oktoba, tuma fedha za bati za sebule peke yake, geji 28, nitakwenda dukani na fundi nihesabu karatasi moja moja. Dari na rangi ni za mwakani. Hizo baht ni zaidi ya milioni 25 za kwetu, na ninajua umezikusanya kwa miaka. Sikutaka hata siku moja ziyeyuke zote kwenye paa langu, nawe ubaki huko hujui kesho utalala nchi gani.

Nilikuzaa mimi, ila nyumba yako sasa iko huko. Mkeo aliponipigia wakati wa Ramadhani, akasema "mama, shikamoo" kwa ile sauti yake ya taratibu, nilifurahi hadi nikashindwa kuitikia haraka. Sitaki kusikia ameachwa gatini na mtoto kwa sababu ya bati zangu.

Fungua pasi yako leo, unisomee tarehe iliyoandikwa ndani ya muhuri wa mwaka jana, usiniambie ile uliyoikumbuka kichwani. Nisomee na tarehe ya mwisho ya pasi yenyewe. Nitumie pia picha ya kitabu cha benki, ukurasa unaoonesha siku fedha zilipotimia, nizihesabu hizo siku mimi mwenyewe. Kisha niambie mkeo anapata ruhusa kazini siku gani ya wiki ya kwanza ya Septemba, ili tujue mnakwenda lini.

Mama yako